Posho, Entanda na Neno "Bure"

Neno posho likitamkwa Dodoma, msikilizaji huwaza fedha: posho ya safari, posho ya kikao. Likitamkwa Kampala, msikilizaji huwaza sahani. Posho ya Kampala ni ugali wa mahindi, mweupe, umekatwa mapande na kumwagiwa maharagwe, na hakuna mtu aliyesoma shule ya bweni nchini Uganda asiyeukumbuka mvuke wake wa saa saba mchana.

Neno ni lilelile. Mpagazi aliyebeba mzigo kutoka pwani kwenda bara alipewa kipimo chake cha chakula, na kipimo hicho kikaitwa posho. Askari na vibarua waliokuja baadaye wakalishwa kwa mtindo huohuo. Kwa kuwa kilichopimwa kilikuwa zaidi ya yote unga wa mahindi, Uganda ikakipa chakula jina la mgawo. Tanzania mgawo ukageuka fedha, jina likabaki. Kwa hiyo ndani ya neno posho daima mna watu wawili, anayegawa na anayepokea, na anayegawa ndiye mwenye kazi: mkuu wa msafara, kampuni, jeshi, serikali.

Nimeanza hapo kwa sababu mimi ni mwalimu wa tafsiri Kampala. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tangu hapo wanafunzi wangu na mimi tumekuwa tukizitia sheria za elimu katika Kiswahili kama zoezi la darasani. Nilidhani tutakwama kwenye maneno ya mahakama. Tumekwama kwenye chakula.

Sheria ya Elimu ya 2008 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule, amwongoze, na ampatie chakula, mavazi, malazi, matibabu na usafiri. Serikali inabaki na walimu, mitaala, majengo, vifaa vya kufundishia na usimamizi. Basi posho, neno ambalo historia yake yote ni kitu kinachogawiwa na mwenye mamlaka, kisheria ni mzigo wa baba na mama. Mwanafunzi wangu mmoja, mama mwenye watoto watatu shuleni, aliandika katika daftari lake, "Posho ni ya mzazi," kisha akainua kichwa akaniuliza kama hicho ni Kiswahili. Nikamjibu kwamba sarufi yake haina kosa. Nilipofika nyumbani jioni ndipo nilipoelewa alichokuwa akiuliza.

Wanaotetea kifungu hicho wana neno lao, nalo ni zuri. Rais Museveni amelitumia mara nyingi anapowajibu wanaotaka serikali ilishe wanafunzi: mzazi amfungie mtoto entanda. Entanda, katika Kiganda na katika lugha za magharibi mwa Uganda, ni chakula anachofungiwa mtu anayeondoka nyumbani, kikiwa kimeviringishwa katika jani la mgomba. Kiswahili kinalo neno masurufu, lakini masurufu yamekwisha kuingia maofisini na kuwa fedha anayokabidhiwa mtumishi ili aje kuitolea hesabu. Kinalo pia neno pamba, chakula cha njiani, ila kijana wa leo ukimtajia pamba atafikiria nguo. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye mkono wa mama ndani yake. Entanda lina mkono huo. Anayefungiwa entanda amependwa na mtu aliyeamka kabla yake.

Kwa sababu hiyo sipendi neno hili litumike ovyo. Entanda ni neno la nyumba yenye shamba. Jani limekatwa nyuma ya jiko, ndizi zimetoka kwenye mgomba huohuo, na kinacholipwa ni nguvu ya mikono tu. Ukilishusha neno hilo kwenye mitaa ya Kampala, Bwaise au Katwe, jani linanunuliwa sokoni, ndizi zinanunuliwa, mkaa wa kuzipikia unanunuliwa, na mama mwenyewe amekwisha kuondoka gizani kwenda kupanga mboga zake kwenye soko la Nakasero. Tena entanda ni chakula cha safari, na safari ina mwisho. Shule ni siku tano za wiki, muhula baada ya muhula, kwa miaka saba ya msingi peke yake. Ukiita hiyo entanda, umelitumia neno la upendo kuficha bili ya kila siku. Nasema hivyo kwa kuliheshimu neno lenyewe.

Upande wa pili wa sahani hiyo kuna neno bure.

Januari 1997 Uganda ilianzisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ahadi ya kampeni ya urais ya mwaka uliotangulia. Mwaka 1996 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa karibu milioni 3. Mwaka 1997 walipita milioni 5. Madarasa yalihamia chini ya miti, na serikali ikawa inapeleka shuleni shilingi 5,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, na shilingi 8,100 kwa wa darasa la nne hadi la saba. Kiganda kiliupa mpango huo jina ambalo sijaona wizara yoyote ya Afrika Mashariki ikipata zuri kulipita: Bonna Basome. Wote wasome. Maneno mawili, bila hati, bila kifupisho, na mtu wa Kiswahili anayaelewa bila mkalimani.

Yatazame kwa jicho la sarufi. Basome ni hali tegemezi, ileile ya wasome. Ni amri, ni dua, ni matakwa, yote pamoja. Anayetakiwa kusoma ametajwa, ni wote. Anayetakiwa kulipa hakutajwa. Jina zima la sera kubwa kuliko zote za elimu katika historia ya nchi linamtaja mtoto peke yake, na watu wazima wamebaki nje ya sentensi wakitazamana.

Mtaani pengo hilo likazibwa na neno jingine. Watu wakasema elimu ni ya bwereere. Bwereere ya Kiganda ni ndugu kamili wa bure ya Kiswahili, hata katika aibu zake. Kitu cha bwereere ni kile kisicholipiwa, na shina hilohilo ndilo la utupu na uchi. Bure nayo ni hivyohivyo: umepewa bure, na pia umehangaika bure, na mtu bure ni yule asiye na faida. Lugha zetu mbili hazikukaa kikao zikakubaliana, ila zote zimeliweka lisilo na bei jirani na lisilo na thamani. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe anasoma bure anasikia maana zote mbili kwa mpigo. Akiwa na senti kidogo anakimbilia shule ya binafsi iliyoezekwa mabati ng'ambo ya mtaro, ili tu alipe, kwa kuwa kulipa ndiko kunakompa neno la kusema kwa mwalimu.

Na wala si kweli kwamba ni bure. Mwanzo wa muhula huja karatasi kutoka shuleni, na juu yake orodha inayoitwa mahitaji: rimu ya karatasi, fagio, karatasi za msalani, sukari, wakati mwingine jembe. Sheria ya 2008 inakataza kutoza malipo ya elimu katika shule zilizo ndani ya mpango huu, isipokuwa michango ya hiari. Hayo mahitaji basi yanaitwaje? Yamekwepa neno ada, yamekwepa neno karo, yakajificha ndani ya nomino ya kawaida kabisa ambayo haimtaji anayehitaji. Miaka kadhaa iliyopita binti wa jirani yangu alirudishwa nyumbani saa tatu asubuhi kwa kukosa fagio mbili. Shule siitaji. Nilikipa kisa hicho nafasi katika somo la siku ile: nikawauliza wanafunzi watafsiri neno hiari, na darasa zima likanyamaza.

Tanzania ilijaribu njia nyingine. Waraka wa elimu wa 2015 haukuandika bure, uliandika bila malipo, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Ni afadhali, kwa sababu bila malipo haina harufu ya kitu kisichofaa. Mimi ningekwenda hatua moja zaidi na kuandika bila ada. Ada, ambayo kwa Kiarabu ni desturi, ilikuja kwetu kama malipo yanayotakiwa na mila kabla ya kuwa malipo ya shule. Ukisema bila ada umesema jambo dogo na la kweli: malipo haya mahususi yameondolewa, mengine yapo, tuyazungumze. Neno dogo la kweli ni bora kuliko ahadi pana.

Mpango wa 1997 ulikuwa na kikomo ambacho leo kimesahauliwa, nacho kwa mpenda maneno ni hazina. Watoto waliofutiwa ada walikuwa wanne kwa kila familia. Ndipo nchi nzima ikalazimika kuuliza familia ni nini. Kiganda kina amaka, nyumba na wanaoishi humo, na kina ekika, ukoo. Ndugu wa baba ni taata omuto, kama ambavyo Mswahili husema baba mdogo, na wanawe ni ndugu zako, si binamu. Na hiyo ilikuwa miaka ambayo UKIMWI ulikuwa umewaacha bibi wengi na wajukuu saba, wanane, wa marehemu watatu. Wanne wa nani? Karatasi ya serikali ilikuwa imemwona baba mmoja, mama mmoja na vitanda vinne. Mwishowe kikomo kiliondolewa na watoto wote wakaingia. Kilichobaki ni mkwaju katika fomu za shule, mzazi/mlezi, na sijui kama kuna alama ya uandishi inayobeba watu wengi zaidi ya ule mkwaju. Nyuma yake wamesimama shangazi, kaka mkubwa, bibi, jirani. Waswahili waliposema mkono mmoja haulei mwana hawakuwa wakitunga methali ya kupamba kuta za ofisi. Walikuwa wakieleza mpangilio wa nyumba.

Mabishano ya nani mwenye mtoto, mzazi au mtawala, si mageni kwenye vilima hivi. Katika Buganda ya karne ya 19 baba alimpeleka mwanawe ikulu akawe mugalagala, mtoto wa kutumwa wa Kabaka, mfalme wa Buganda, akulie huko na kujifunza huko. Ilikuwa heshima, na ilikuwa shule ya uongozi. Wamisionari walipofika, vijana hao wakaanza kusoma, na Kiganda kikawaita abasomi, wasomaji. Kwa muda mrefu abasomi halikuwa na maana ya wenye elimu tu, lilikuwa na maana ya Wakristo, kwa sababu aliyesoma alisoma dini. Tarehe 3 Juni 1886 baadhi yao walichomwa moto Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Walikuwa na wazazi waliowatoa, mfalme aliyewalea na dini iliyowaita, na walikufa pale watatu hao waliposhindwa kukubaliana. Kila mwaka tarehe hiyo nchi hupumzika kazi. Anayesema neno basome katika Kampala analisema juu ya ardhi hiyo.

Shule zilizofuata zilijengwa na madhehebu vilimani, na Uganda ilipopata uhuru serikali ikazichukua chini ya usimamizi wake bila kuzinyang'anya jina wala ardhi. Ndiyo maana leo kuna shule ambayo kiwanja chake ni cha kanisa au msikiti, mishahara ya walimu wake inatoka hazina, na chakula chake kinalipwa na mzazi. Sheria inaiita inayosaidiwa na serikali. Mtaani inaitwa ya serikali, basi. Hiyo tofauti ya neno moja, kusaidiwa, imewahi kugharimu vikao vizima vya wazazi.

Sasa nije kwa ssenga, kwa kuwa hapo ndipo maneno ya kuazima yametuumiza zaidi.

Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku mafunzo ya ujinsia yaliyokuwa yakitolewa shuleni na mashirika. Mei 2018 Wizara ya Elimu, chini ya Waziri Janet Museveni, ikatoa mwongozo wake wa kitaifa. Kanisa la Uganda, likiongozwa na Askofu Mkuu Stanley Ntagali, likaupinga. Novemba 2021 Mahakama Kuu ikaiamuru wizara itunge sera ya elimu hiyo ndani ya miaka miwili. Katika redio za Kampala mjadala ulipewa sura ya pande mbili: ni haki ya mzazi, au ni kazi ya serikali?

Swali hilo limekuja na meli. Katika desturi ya Kiganda mzazi hakuwa mwalimu wa jambo hilo hata kidogo. Mama kumweleza binti yake habari za unyumba ilikuwa ukosefu wa adabu. Mwenye kazi alikuwa ssenga, dada wa baba, na alikuwa na wakati wake, mahali pake na lugha yake. Pwani alikuwapo kungwi, na alikuwapo somo, mwanamke aliyemfunda mwali. Tazama bahati ya Kiswahili: somo la mwali na somo la darasani ni neno lenye sura moja. Lugha iliwahi kuona kwamba mafunzo hayo ni elimu kamili, yenye mwalimu wake, wala si siri ya chumbani wala kipindi cha ratiba.

Ssenga hakufa. Yuko redioni, ana safu yake katika gazeti la Bukedde, na wapo wanaotoza fedha kwa kuwafunda maharusi ambao hawana udugu nao. Profesa Sylvia Tamale wa Makerere aliandika utafiti mzito juu yake mwaka 2005. Lakini katika nyaraka za sera ametafsiriwa kuwa mzazi, au mshauri, au mdau, na kila tafsiri inamwondolea kitu. Mshauri anaweza kuajiriwa na kufukuzwa. Mdau anaalikwa semina. Ssenga amezaliwa katika kazi yake, na binti anajua jina lake kabla hajaijua shule. Mabishano ya mzazi na serikali yamempita aliyekuwa kati yao, na nadhani ndiyo sababu hayajaisha. Wanafunzi wangu walipotaka kuandika shangazi niliwakataza. Shangazi wa Kiswahili ni mpendwa, ila hakupewa kazi hiyo. Andikeni senga, s moja, kwa mwandiko wa Kiswahili, na msomaji wa Mombasa au Tanga atajifunza.

Kuna watu Kampala ambao bado hukisikia Kiswahili kama sauti ya kambi: simama, leta, haya. Walikifahamu hivyo, kwa askari na kwa vizuizi vya barabarani, na hofu yao ina sababu. Kikiingia darasani kikiwa na maneno ya serikali tu, hofu itaongezeka. Inafaa kije kimebeba entanda na senga, maneno aliyoyasikia mtoto kwao.

Limebaki zoezi moja, na ndilo lililotuchukua wiki tatu. Katiba ya 1995, ibara ya 31(4), inasema ni haki na wajibu wa wazazi kuwatunza na kuwalea watoto wao. Hapo hapakuwa na shida. Ibara ya 34(2) inasema mtoto anastahili elimu ya msingi, ambayo itakuwa kitu fulani cha Dola na cha wazazi wa mtoto. Kitu gani? Na kwanza, Dola. Darasani walitaka kuandika serikali, kwa kuwa mjini dola ni ile ya maduka ya kubadili fedha. Nikawaomba waiache. Serikali, kutoka sarkar ya Kiajemi, mkuu wa kazi, inaweza kubadilika baada ya uchaguzi. Dola hubaki, na deni la mtoto limeandikwa kwa jina la anayebaki.

Kisha nikawaletea pendekezo langu mwenyewe, ambalo nilikuwa nimelipenda tangu usiku: wajibu wa wazazi, dhamana ya Dola. Wajibu ni lile usiloweza kulitua. Mdhamini ni yule anayeingia pale mwenye deni anaposhindwa. Ilionekana nzuri mno, kila upande umepata neno lake.

Yule mama wa watoto watatu akainua mkono. Akasema, mwalimu, mdhamini haitwi mpaka mimi niwe nimeshindwa. Kwa hiyo umeniweka mimi kwanza.

Alikuwa sahihi, na pendekezo langu lilikuwa makosa. Katiba haikuwapa maneno mawili. Iliwapa neno moja wote wawili, kwa uzito mmoja, na ikaitaja Dola mbele. Tafsiri inayogawa maneno imekwisha kugawa mzigo, na hakuna aliyetupa sisi watafsiri mamlaka ya kuugawa. Tukarudi kwenye jukumu, neno la kila siku lisilo na urembo. Tukabaki na tatizo la mwisho, dogo kama punje: jukumu la Dola na wazazi, au jukumu la Dola na la wazazi? Bila kurudia la, jukumu linaweza kusomwa kuwa moja lililokatwa vipande viwili, kila mmoja akimngoja mwenzake alete chake. Ukirudia, kila mmoja amelibeba zima.

Kwa hiyo tumeandika: "jukumu la Dola na la wazazi wa mtoto." Yeyote atakayeitia Katiba hii katika Kiswahili baada yetu, namwomba asiifute la ya pili.